Kisima chetu kina kemikali za milele. Nimwachishe mtoto ziwa?

Washauri wapendwa, salamu.

Tunaishi Maine, Marekani, nje kidogo ya mji wa Lewiston, katika nyumba ya kupanga yenye kisima chake. Jirani alitudokeza kwamba shamba lililo nyuma yetu lilikuwa likimwagwa tope la maji taka miaka ya nyuma, ndipo mume wangu akapeleka maji maabara. Karatasi imerudi na tumeisoma mpaka macho yamechoka: PFOA 21, PFOS 14, PFHxS 5, PFNA 2, PFHpA 4, na PFDA imeandikwa ND. Vipimo vyote ni vya ng/L. Chini kabisa wameandika jumla ya sita: 46.

Kila mtu ana lake. Mama yangu aliyeko Kigoma anasema nichemshe maji yatokote vizuri, kama alivyotulea sisi. Mume wangu amenunua jagi la chujio na kwake hadithi imeisha. Rafiki yangu wa kanisani anasema wabaya ni vikaango visivyogandisha chakula, nitupe vyote. Shemeji naye anasema nisivitupe, nivitie kwenye pipa tunalotuma nyumbani mwezi ujao, wao watavitumia. Na kwenye WhatsApp nimetumiwa tangazo la dawa ya kusafisha damu.

Hofu yangu kubwa ni mtoto wa miezi mitano ninayemnyonyesha. Nimwachishe ziwa? Kaka yake ana miaka sita. Tuna kuku saba wanaotaga, na mchicha wangu naumwagilia maji hayohayo. Mwenye nyumba anasema maji ni salama kwa sababu yeye ameyanywa miaka yote. Fedha si nyingi. Nianzie wapi?

Mama Baraka

JIBU

Mama Baraka, usimwachishe mtoto ziwa. Anza na maji unayokunywa na kupikia wewe, leo, kabla hujagusa kikaango hata kimoja. Mpaka mtambo wa kuchuja ufungwe, chota maji kwa ndugu anayetumia bomba la mji, au nunua ya chupa. Mamlaka za maji za miji ya Maine zililazimishwa na sheria ya jimbo kupima kemikali hizi kabla ya mwisho wa 2022, kwa hiyo matokeo ya mji wowote unaweza kuyaomba.

Tuisome karatasi kwanza. Majina yote sita ni ya kemikali za milele, ambazo kwa jumla huitwa PFAS. Ng/L ni nanogramu kwa lita. Maabara nyingine huandika ppt, na kwa maji ni kitu kilekile. ND maana yake mashine haikuiona kemikali hiyo juu ya kiwango inachoweza kukitambua, haina maana kwamba ni sifuri. Ukiona herufi J pembeni ya namba, ujue ni makadirio ya kiasi kidogo sana. Hiyo jumla ya sita si mapambo. Tangu 2021 Maine ina kikomo chake cha maji ya kunywa, 20 ng/L kwa jumla ya kemikali hizo sita, nanyi mko zaidi ya mara mbili yake. Kikomo cha serikali kuu kilichotangazwa Aprili 2024 ni kikali zaidi: 4 kwa PFOA na 4 kwa PFOS. Hicho kinabana mamlaka za maji tu, hakimgusi mwenye kisima binafsi, lakini kinakuonyesha wataalamu wanahofia nini.

Sasa fanya hesabu ya mwili wako. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka mwaka 2020 kiwango cha nanogramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito kwa wiki, kwa jumla ya nne: PFOA, PFOS, PFHxS na PFNA. Kwenye karatasi yako hizo nne zinafika 42. Mama anayenyonyesha hunywa maji mengi. Tuseme lita 2 kwa siku, ukijumlisha chai na uji. Hapo unameza nanogramu 84 kwa siku, 588 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 65 kiwango chote cha wiki ni 286, na humo ndani samaki, mayai na vyakula vingine vinatakiwa vipate nafasi. Maji peke yake yamekula nafasi hiyo mara mbili. Ndiyo maana tunasisitiza maji. Kwa nyumba yenye kisima kama chenu, hayo ndiyo ya kuanza nayo.

PFAS zinaitwa za milele kwa sababu ya kifungo kati ya kaboni na florini, ambacho ni miongoni mwa vifungo vigumu kabisa katika kemia. Bakteria wa udongo hawakiwezi, jua haliwezi, na moto wa jikoni ndio kabisa. Maine tope la mitambo ya maji taka na la viwanda vya karatasi liligawiwa wakulima kama mbolea kuanzia miaka ya 1970 na 1980, kwa vibali halali. Jimbo lilipiga marufuku kulimwaga mashambani mwaka 2022, la kwanza Marekani kufanya hivyo, lakini lililokwisha kumwagwa bado linachuruzika kuelekea visimani.

Kuhusu kuchemsha, mama yako ana haki kwa Kigoma, na asiache: kule adui ni vijidudu, na vijidudu hufa kwa moto. PFAS hazifi, tena mvuke unaondoka na maji na kuziacha nyuma. Chemsha lita 2 zibaki 1.5, na ile 46 yako imekuwa 61.

Jagi la mume wako ligeuze usome boksi. Kama limeandikwa NSF/ANSI 42 peke yake, hicho ni cheti cha ladha na harufu ya klorini, na kisima chenu hata klorini hakina. Unachotafuta ni NSF/ANSI 53 kwa chujio la mkaa maalumu, au NSF/ANSI 58 kwa mtambo wa RO (reverse osmosis, tutaueleza hapa chini), na pembeni yake iandikwe wazi kwamba umethibitishwa kupunguza PFAS au PFOA na PFOS. Namba ya cheti bila maneno hayo haitoshi, kwa sababu cheti hichohicho cha 53 hutolewa kwa risasi na vitu vingine vingi. Maneno kama “tumepima kwa kufuata NSF” ni ya muuzaji, si ya mpimaji. Na hata cheti halisi hakiahidi kufika 4, kinaahidi kupunguza. Kwa hiyo maji yatapimwa tena baada ya kufunga.

Kwa 46, sisi tungefunga RO chini ya sinki la jikoni. Humo maji husukumwa kwa presha kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, na PFAS nyingi hubaki upande wa maji machafu. Mitambo ya kawaida yenye cheti mara nyingi huuzwa kati ya dola 200 na 500, na mtu anayejua kushika spana huifunga kwa nusu siku. Kuchuja maji ya nyumba nzima ni gharama kubwa isiyo na sababu kwenu, maana ngozi hupitisha PFAS kidogo sana. Ogeni, fueni, osheni vyombo kwa maji ya kisima. Cha kuzuia ni kumeza: maji ya kunywa, chai, uji, ugali, wali, maharage, barafu, kusukutua meno, na maziwa ya kopo ikifika siku ya kuyatumia. Mwanao wa miaka sita mwambie maji ya bafuni si ya kunywa. Wa umri huo hunywa maji ya kuoga kwa mchezo tu.

Mitambo hii ina namna zake za kuharibika. Kwanza presha: utando unahitaji takriban psi 40 au zaidi, na pampu ya kisima hupanda na kushuka. Tazama geji kwenye tanki la presha chini ya nyumba. Ikishuka mara kwa mara chini ya hapo, fundi airekebishe swichi ya pampu au aongeze pampu ndogo. Pili, chuma na chokaa. Kisima kikiwa na maji yanayoacha kutu kwenye sinki, utando huziba mapema, hivyo weka chujio la uchafu mbele yake. Tatu, bomba la maji ya moto. Ukiunganisha kwa makosa upande wa moto utaharibu utando. Nne, pete za mpira za vikopo vya machujio: zikikauka au zikikaa upande, sakafu ya kabati italoana kimyakimya mpaka ioze. Zipake grisi ya silikoni kila unapobadilisha, na baada ya saa 24 pitisha karatasi ya jikoni chini ya kila kiungo uone kama inalowa. Tanki la kwanza likijaa, limwage lote. Na usishtuke ukiona maji mengi yanakwenda kwenye bomba la machafu kuliko yanayofika kwenye glasi. Mitambo ya zamani humwaga lita 3 au 4 kwa kila lita 1 safi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusahau tarehe. Mkaa wa machujio una nafasi zake za kushikia kemikali, zikijaa zimejaa. Hapo PFAS fupi, zenye mnyororo mfupi wa kaboni kama PFBA, hupenya kwanza, halafu ndefu zifuate, na chujio lililochakaa linaweza hata kuachia lilichokuwa limeshika, maji yakatoka mabaya kuliko yalivyoingia. Ladha haitakuambia kitu. Andika kwa kalamu kwenye kopo siku uliyobadilisha: vya mkaa mara nyingi miezi 6 hadi 12, utando miaka 2 hadi 3, lakini fuata kitabu cha mtambo wako na lita zilizoandikwa humo. Kilichotumika kifunge kwenye mfuko, kitupe na takataka. Kisiende kwenye mboji.

Kipimo cha pili kichukue kwenye bomba dogo la RO. Nawa mikono, usipake losheni, usivae koti lisiloingia maji (hilo lenyewe linaweza kuwa na PFAS). Acha maji yatiririke dakika chache. Chupa ya maabara usiisuuze. Ule unga uliomo ni wa kuhifadhi sampuli. Jaza, funga, weka kwenye barafu, tuma siku hiyohiyo. Na mkiwa mnalipia maabara, ongezeni kipimo cha aseniki, kwa sababu miamba ya Maine huitoa yenyewe kwenye visima vingi na kikomo chake ni mikrogramu 10 kwa lita. Watu wameishika PFAS kwa mikono miwili wakaisahau hiyo.

Mwenye nyumba kunywa maji miaka yote si kipimo. Mpelekee nakala ya karatasi kwa barua au barua pepe, uombe ruhusa ya kufunga mtambo na uombe alipie. Weka nakala yako. Kisha, yeye au ninyi, andikieni Idara ya Ulinzi wa Mazingira ya Maine mkitaja anwani na matokeo. Wana ramani ya mashamba yaliyopewa kibali cha tope. Kisima kilichozidi 20 karibu na shamba kama hilo kinaweza kuingizwa kwenye mpango wao, wakafunga matanki mawili ya mkaa yanayofuatana, na bomba la kupimia katikati ili tanki la kwanza likishindwa ijulikane kabla ya la pili. Msisubiri jibu lao ndipo mnunue RO. Ofisi ni ofisi.

Turudi kwa mtoto. Ni kweli PFAS hupita kwenye maziwa ya mama, hatutakuficha. Lakini taasisi za afya za Marekani, zikiwemo zinazoshughulika na sumu za mazingira, zimelitazama jambo hilo na bado zinashauri akina mama waendelee kunyonyesha, kwa sababu kinga na lishe ya maziwa hayo ni faida ya hakika. Tena ukimwachisha ukamchanganyia maziwa ya kopo kwa maji ya kisima, umempa 46 moja kwa moja. Njia ya kupunguza kilichomo kwenye ziwa ni kupunguza unachomeza wewe.

Mwilini hutoka polepole. PFOA hupungua nusu kwa takriban miaka 2 hadi 3, PFOS miaka 3 hadi 5, PFHxS zaidi ya hapo. Hakuna chupa inayofupisha safari hiyo, na tangazo la WhatsApp lifute. Wazima moto wa Australia walitolewa damu au plazma kwa mwaka mzima katika utafiti uliochapishwa 2022 na viwango vyao vilishuka, lakini hilo si la mama mwenye mtoto ziwani, wala si la kujaribu nyumbani.

Kama daktari atakubali, pimeni damu. Kwa mwongozo wa Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani wa 2022, jumla chini ya nanogramu 2 kwa mililita haitarajiwi kuleta madhara. Kati ya 2 na 20 daktari aangalie lehemu na, ukipata mimba nyingine, shinikizo la damu. Kuanzia 20 aongeze tezi ya thairoidi na dalili za saratani ya figo na ya korodani, pamoja na vidonda vya utumbo mpana. Orodha hiyo haikutoka hewani. Karibu watu 69,000 waliokunywa maji yenye PFOA karibu na kiwanda cha DuPont huko West Virginia na Ohio walitoa damu na taarifa zao, na jopo la wanasayansi likahitimisha kati ya 2011 na 2012 kwamba magonjwa hayo, pamoja na lehemu na shinikizo la ujauzito, huenda yanahusiana nayo. Mwishoni mwa 2023 shirika la utafiti wa saratani la WHO likaiweka PFOA katika kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Watoto wako chanjo zote wapate kwa wakati. PFAS zinaweza kupunguza kinga ambayo chanjo huijenga, na hiyo ni sababu ya kuchanja, si ya kuacha.

Kuku ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani, maana PFOS huingia kwenye yai kwa urahisi na kuku hudonoa udongo siku nzima. Wape maji ya RO, chakula kiwe kwenye kihori na si chini, na mayai msiwape watoto wala kuyauza mpaka yapimwe. Mchicha nao, kama mboga zote za majani, huvuta PFAS, hasa zile fupi, kuliko nyanya au maboga yanavyozivuta kwenye tunda. Msimu ujao panda kwenye matuta ya mbao yenye udongo wa kununua, ukiuliza kwanza kama una tope la maji taka ndani yake. Maji ya kisima yaachie maua.

Sasa vikaango, na tutakuwa wafupi. Utando wake ni PTFE, molekuli kubwa ambayo ukimeza kipande chake hupita na kutoka. PFOA ilikuwa dawa ya kiwandani katika kuutengeneza, na watengenezaji wakubwa Marekani waliiacha kufikia 2015. Kwa hiyo lebo ya “haina PFOA” leo haikwambii kitu, kikaango bado ni PTFE. Hatari yake jikoni ni moto. Ukizidi nyuzi 260 za Selsiasi utando huanza kuvunjika, na kikaango kitupu juu ya moto mkali hufika hapo kwa dakika chache. Moshi wake huua ndege wa kufugwa, na binadamu humpa homa inayofanana na mafua. Fikiria tunavyopika chapati: kikaango kikavu, moto juu, kimoja baada ya kingine. Kwa chapati nunua cha chuma kizito. Kioshe, kikaushe jikoni, kipake mafuta membamba kama unafuta vumbi, kiweke kwenye oveni nyuzi 230 za Selsiasi kwa saa moja, kipoe humohumo. Mafuta yakiwa mengi yatanata kama gundi. Hicho cha kutogandisha kisichochubuka kibaki cha mayai, moto wa kati, hadi kizeeke. Tangu Januari 2026 Maine imekataza kuuza vyombo vipya vya kupikia vilivyowekwa PFAS kwa makusudi, pamoja na vipodozi na uzi wa meno, kwa hiyo duka la huko linakusaidia kuchagua. Dawa za kupulizia viatu na makochi yasishike madoa ziache, na sakafu ideki kwa kitambaa kibichi badala ya kutimua vumbi kwa ufagio.

Pipa la nyumbani lisibebe vikaango hivyo. Ukivipeleka Kigoma vitawekwa juu ya mkaa uliokolea, ambao unapita nyuzi 260 bila kujitahidi, katika jiko lenye moshi na mtoto mgongoni. Shemeji akiuliza, mwambie jiko la mkaa halina swichi ya kupunguza.